Usiuze mashini kabla ya mwezi wa tisa



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alinikuta nyumbani jioni, mtoto mgongoni. Nilidhani amekuja kuomba moto wa kuwashia makaa. Kumbe amekuja kuuliza kama namjua mtu anayenunua mashini ya kushona. Mashini yenyewe ni ile ya kukanyaga kwa mguu, aliyopewa mwaka uliopita alipomaliza miezi sita ya mafunzo. Siku ile alivaa kitenge kipya, akapigwa picha pamoja na wenzake, akapokea cheti. Leo cheti kiko chini ya godoro, na mashini imefunikwa gunia kwa ajili ya vumbi. Tangu mwezi wa nne ameshona nguo tatu tu, na moja hata haijalipwa.

Nilipomwambia avumilie kidogo, alinijibu: "Mama, mashini haipikwi."

Nilinyamaza, maana alisema kweli. Naye si wa kwanza. Katika wale waliosoma pamoja naye, nawajua wawili waliokwisha kuuza mashini zao, na mmoja aliyeifanya meza ya kuuzia mafuta ya mawese. Hawa wote ni wanawake wanaojua kazi. Nimeona mishono yao, imenyooka. Basi leo nataka tuzungumze jambo moja: kwa nini binti anayejua kushona anakosa kazi ya kushona, na tufanye nini kabla shule hazijafunguliwa.

Mji wetu ulivyokuwa

Vijana wengi wanalijua jina Filtisaf kama jina la mahali tu. Jina hilo lilikuwa la kiwanda. Kilianzishwa mwaka 1946, wakati mji huu ukiitwa bado Albertville, na kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi na kufuma vitambaa vya pamba. Tazameni jinsi kazi ilivyoshikana. Wakulima wa bara walilima pamba, na tusisahau kwamba wakati wa ukoloni wengi walilimishwa kwa lazima. Pamba ilichambuliwa mbegu, ikafungwa marobota, ikapanda reli inayotoka Kabalo mpaka huku ziwani. Umeme ulikuja kutoka maporomoko ya mto Kyimbi, kule Bendera. Kiwandani pamba ikawa uzi, uzi ukawa kitambaa, kitambaa kikafika sokoni, na fundi akakikata kwa mkasi.

Sasa mlolongo ule umekatika. Ukaja uporaji wa miaka ya 1990, vikaja vita vya 1996 na 1998, mashini za kiwanda zikanyamaza. Baadaye askari wa Umoja wa Mataifa waliweka kambi yao katika majengo yale yale. Siku hizi popline, vitenge na uzi wa kushonea vinatufikia kwa mashua kutoka Kigoma, au kwa njia ya Uvira na Bujumbura, au kutoka Mpulungu upande wa Zambia. Vingi vimefumwa mbali sana, hasa Uchina.

Kuna jambo lingine la zamani ambalo mabibi zetu wanalikumbuka. Wakati wa ukoloni kulikuwa na zile nyumba walizoziita foyer social. Wanawake walifundishwa humo kushona, kupika na kulea watoto wachanga. Ni masomo mazuri, sikatai. Lakini mwanamke alifundishwa ili awe mke mzuri wa mfanyakazi. Mshahara ulikuwa wa mume, sindano ilikuwa ya nyumbani. Nikitazama mafunzo mengi ya leo, naona tumebadilisha jina la nyumba tu. Binti anajifunza kukata gauni, anajifunza kutia zipu, lakini hakuna anayemfundisha kutafuta komanda, kuhesabu bei, wala kuandika karatasi ya mapatano. Anatoka mlangoni na mashini kichwani, na njia ya mteja haijui.

Kiwanda kikubwa kurudi kesho, hilo sitawaahidi. Kinahitaji pamba, umeme wa kutosha, reli na barabara, na fedha ambazo likelemba yetu haiwezi kukusanya. Lakini katika mlolongo ule wote, sehemu ya mwisho bado iko mikononi mwetu: mkasi, sindano na pasi. Ufundi wa nguo hapa Kalemie ukitaka kusimama tena, utaanzia mwisho wa mlolongo na kurudi nyuma. Wanawake wakishona nguo nyingi, mtu atapata faida ya kuleta kitambaa kwa wingi na kwa bei nafuu. Kitambaa kikihitajika kwa wingi, ndipo tajiri ataanza kufikiri habari ya kufuma.

Nguo ambayo balo halina

Wengi watasema: "Nani atanunua nguo ya kushonwa, na balo la mitumba limejaa sokoni?" Ni neno la haki. Gauni la mtumba linauzwa kwa bei ambayo hata kitambaa chake huwezi kununua. Ukishindana na balo kwa gauni la kila siku, utashindwa. Mama yule ndivyo alivyofanya. Alikuwa akingoja jirani alete kitenge cha sikukuu. Lakini sikukuu ni chache, na jirani naye hana kitu. Tarehe 8 mwezi wa tatu mafundi wote wanajaa kazi mpaka usiku, kisha tarehe 9 wanarudi kukaa.

Sasa fungueni balo mtafute mashati meupe arobaini ya namna moja na sketi za bluu arobaini za rangi moja, kuanzia mtoto wa miaka sita mpaka wa miaka kumi na miwili. Hamtayapata. Nguo ya shule ndiyo nguo ambayo balo halina. Katika nchi yetu yote mtoto anakwenda shule amevaa bluu na nyeupe. Tangu mwaka 2019 serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za serikali ni za bure, watoto wengi zaidi wamekaa kwenye mabanko, lakini sare bado inanunuliwa na mzazi. Kila mwaka, mwezi wa tisa, wazazi wa mji huu wanatoa fedha kwa ajili ya nguo hizo. Swali ni moja tu: fedha hizo zinaingia mikononi mwa nani?

Si watoto wa shule tu. Kwaya inataka nguo za namna moja. Wauguzi na wanafunzi wa uuguzi wanavaa blauzi nyeupe. Walinzi na wafanyakazi wa viwandani wanavaa nguo za kazi. Hizo zote ni nguo zinazofanana, zinazoagizwa nyingi kwa mara moja, na tarehe yake inajulikana mapema. Hiyo ndiyo kazi inayolisha mashini mwaka mzima.

Wenzetu wa Kitui

Kule Kenya, mashariki ya Nairobi, kuna jimbo linaitwa Kitui. Ni nchi kavu, mvua ni ya shida. Mwaka 2018 serikali ya jimbo lile, iliyoongozwa na mwanamke, mama Charity Ngilu, ilifungua kiwanda cha kushona kinachoitwa KICOTEC. Hawakuanza na mitindo ya harusi. Walianza na nguo za shule na sare za kazi, nguo zenye mnunuzi anayejulikana. Vijana na wanawake wa jimbo lile wakawekwa kwenye mstari wa mashini, kila mtu na sehemu yake. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, kiwanda kile kiligeuza kazi mara moja, kikashona barakoa zilizofika 30,000 kwa siku. Waliweza kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuzoea kushona pamoja, kwa kipimo kimoja na kwa saa zinazojulikana.

Sisi hatuna serikali ya kutujengea jengo kama lile leo. Lakini mambo mawili ya Kitui hayahitaji jengo. La kwanza, mnunuzi ajulikane kabla mkasi haujagusa kitambaa. La pili, watu washone pamoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuhesabu pamoja

Hapa naomba kila mama achukue kalamu. Tuchukue shati jeupe la mtoto wa miaka minane. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Wewe weka zile za soko lako la juma hili.

Popline mita moja na robo, kwa franka 4,000 mita moja, ni 5,000. Vifungo saba kwa 100 kimoja ni 700. Uzi 300. Kitambaa kigumu cha kola 500. Makaa ya pasi 200. Sindano, mafuta ya mashini na matengenezo 300, maana mashini nayo inazeeka. Jumla 7,000. Hapo mkono wako bado haujalipwa. Weka 3,000 ya mshonaji, inakuwa 10,000. Weka 1,000 ya sanduku la kikundi, inakuwa 11,000.

Sasa jirani anakuja, anakuomba umfanyie 8,000 kwa sababu mnasali pamoja. Wengi wetu tunakubali, tena tunafurahi kushika noti. Lakini katika ile 8,000 kazi yako imelipwa 1,000 tu. Na kama ulisahau kuhesabu vifungo, sindano na makaa, utadhani umepata faida, kumbe unakula mashini yako kidogo kidogo. Hivyo ndivyo mashini inavyouzwa: inaanza kuuzwa mezani kwa bei mbaya, muda mrefu kabla mnunuzi hajaja kuibeba.

Tuchukue komanda ya shule moja: watoto 120, kila mtoto shati moja. Mashati 120 kwa 11,000 ni franka 1,320,000. Mkiomba nusu mapema, mnapokea 660,000. Popline mita 150 ni 600,000. Inabaki 60,000. Vifungo vyote ni 84,000, uzi 36,000, kitambaa cha kola 60,000, jumla 180,000. Basi sanduku la kikundi litoe 120,000 za kuanzia, na nyingine kidogo za makaa na matengenezo. Kwa kikundi cha wamama kumi wenye likelemba inayotembea, jambo hilo linawezekana. Bila ile nusu ya mbele haliwezekani, kwa hiyo msione haya kuiomba. Anayeagiza nguo 120 anajua kwamba kitambaa kinanunuliwa.

Na muda je? Mashati 120 na sketi au suruali 120 ni nguo 240. Mkiwa na majuma sita, siku tano kwa juma, ni nguo nane kwa siku. Wanawake sita wanaifanya kazi hiyo na kurudi nyumbani mapema kupika.

Namna ya kugawana kazi

Kosa la kwanza la vikundi vyetu ni kila mama kuchukua kitambaa akashone kwake. Matokeo yake ni mashati ya namna sita: kola moja ndefu, nyingine fupi, weupe huu na weupe ule. Mkuu wa shule akiona hivyo, mwaka ujao harudi.

Fanyeni hivi. Kwanza, mtu mmoja tu akate, yule mwenye mkono wa uhakika. Atumie patroni za karatasi ngumu, yaani zile karatasi tunazofuata wakati wa kukata, moja kwa kila kipimo: kidogo, cha kati, kikubwa. Mkikata mashati mengi kwa pamoja, vipande vidogo vya kola na mifuko vinaingia katikati ya vipande vikubwa, na kitambaa hakipotei. Kabla ya kukata, loweka kipande cha kitambaa, kianike, ukipime tena. Pamba mbaya hurudi, na mtoto atabaki na shati la mdogo wake.

Pili, mmoja aunge mabega na ubavu, mwingine atie mikono, mwingine kola. Mtu akirudia kazi moja siku nzima, mkono unakuwa mwepesi na mshono unafanana. Mama ambaye hana mashini asiachwe nje: atoboe matundu ya vifungo kwa mkono, ashone vifungo, akate nyuzi zinazoning'inia, apige pasi. Nguo ya namna moja hujulikana kwenye pasi na vifungo. Mzazi haangalii ndani ya mshono, anavuta kifungo.

Tatu, mtu mmoja awe wa kukagua, na asiwe rafiki wa mtu siku hiyo. Shati lenye kasoro linarudi kwa aliyelishona.

Nne, daftari. Siku, kazi, nani amefanya ngapi, nani amelipwa ngapi. Ugomvi mwingi wa vikundi hautokani na wizi, unatokana na kusahau.

Mkono wako unaweza kutia sahihi

Wamama wengine watasema: "Mimi mapatano ya shule sitayatia sahihi, nitangoje baba arudi." Sikilizeni vizuri. Zamani Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuingia mapatano ya namna hiyo. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa sheria inataka mke na mume, wote wawili, wasikilizane juu ya mapatano ya namna hiyo, nami nawashauri msifiche. Lakini mbele ya sheria, mwanamke aliyeolewa anaweza kutia sahihi yake mwenyewe, kufungua biashara yake, na kupokea malipo yake.

Tena kuna sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inayosema kazi ambazo kampuni kubwa zinawapa watu wengine zifanywe na kampuni za Wakongomani. Nguo za wafanyakazi zinaweza kuwa mojawapo ya kazi hizo. Lakini mlango huo unataka kikundi chenye karatasi zake, chenye jina lililoandikishwa. Tusianze huko. Tuanze na shule, tujifunze kutimiza tarehe, huku tukitengeneza karatasi polepole.

Juma hili

Shule zitafunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Mzazi mwenye fedha huanza kununua mwezi wa nane. Komanda inatafutwa sasa, wakati watoto wako nyumbani na wakuu wa shule bado wanapatikana. Ninaomba kila kikundi kifanye mambo matatu.

Hesabuni mashini mlizo nazo, nzima na mbovu, na majina ya waliosoma kushona. Msiwasahau dada zetu waliokimbilia mji huu wakati wa mapigano ya Wabatwa na Waluba ya 2016 na 2017, na waliokuja baada yao. Wengi walisoma kushona wakiwa kambini, na hakuna aliyewauliza tena.

Shoneni shati moja na sketi moja, nzuri kuliko zote mnazoweza. Hizo ndizo mtakazoweka mbele ya mkuu wa shule. Maneno mengi hayamshawishi mtu kama kola iliyosimama.

Kisha wamama wawili, si zaidi, waende shule moja iliyo karibu, waonane na mkuu na komite ya wazazi. Waende na nguo, bei iliyohesabiwa, na tarehe ambayo kikundi kinaweza kuitimiza. Wakiulizwa watoto 300, na nguvu zenu ni za 120, semeni 120. Mwaka ujao mtaongeza.

Na yule mama wa mashini? Tulikaa naye na daftari mpaka giza lilipoingia. Kikundi kimempa zamu yake ya likelemba mapema ili apate unga na dawa ya mtoto, na mwenzake aliyekuwa wa zamu hiyo amekubali kungoja. Jumatatu aliondoa gunia, akafuta vumbi, akatia mafuta, na alhamisi shati la kwanza la mfano lilikuwa mezani kwangu. Kola yake imesimama vizuri; tundu moja la kifungo limepinda, naye amekubali kulirudia.

Nimemwahidi jambo moja, nami naliandika hapa ili mnishuhudie. Mwezi wa tisa ukiisha na hakuna kazi iliyopita katika mashini ile, mimi mwenyewe nitamtafutia mnunuzi, na sitamwambia tena neno la kuvumilia. Kwa hiyo, wamama, mkuu wa shule yenu mnamwendea siku gani?